Kosa la Sajini Johnson, na rimoti iliyochelewa

Steringi hafi. Aliyekulia kwenye mabanda ya video anaijua kanuni hiyo kuliko kanuni yoyote aliyofundishwa darasani. Steringi atapigwa, atafungwa kamba, atatupwa baharini na jiwe mguuni, lakini dakika za mwisho ataibuka, na adui ndiye atakayelala chini. Sean Connery alikuwa steringi wa namna hiyo hasa. Kati ya 1962 na 1967 alimcheza James Bond mara tano, na hata wasiojua neno la Kiingereza walielewa kwamba yule bwana mwenye suti hana wasiwasi na lolote.

Mwaka 1973 bwana huyo huyo alitokea na masharubu na koti zito, uso umechoka, kwenye picha ambayo steringi hafi, ni kweli, ila anaua. Na huyo anayeuawa hana bunduki wala genge. Ni mtuhumiwa aliyewekwa kwenye chumba cha mahojiano katika kituo cha polisi, mikono mitupu, hajafikishwa kwa hakimu, na mpaka picha inakwisha mtazamaji hawezi kuapa kwamba mtu yule alikuwa na hatia.

Picha yenyewe inaitwa The Offence. Ukiitia Kiswahili neno ni kosa, na nadhani Kiswahili kinaibeba vizuri kuliko lugha iliyoizaa. Kwetu mtoto aliyevunja kikombe amekosa, mwenye kupiga mtu hadi kumtoa roho amekosa, na yule aliyewaza jambo asilopaswa kuliwaza, akalificha, naye usiku hujiambia amekosa. Sheria inamdai Johnson, sajini wa upelelezi anayechezwa na Connery, lile la pili. Picha inamdai la tatu.

Haikuuza. Inasimuliwa kuwa ilichukua miaka tisa kurudisha fedha iliyotumika, na Ufaransa, nchi inayojisifu kuipenda sinema kuliko mataifa yote, haikuipeleka kwenye kumbi zake mpaka 2007. Kisha ikatoka kwenye Blu-ray, diski iliyoifuata DVD kwa ubora wa juu zaidi, Marekani mwaka 2014 na kampuni ya Kino Lorber, Uingereza mwaka 2015 na kampuni ya Eureka katika mfululizo wake wa Masters of Cinema. Nimeipata ya Uingereza. Nimeitazama mara nne sasa, mara ya mwisho nikiwa na rimoti mkononi kama fundi mwenye bisibisi, na nimefika mahali ambapo sikubaliani na maelezo yaliyozoeleka. Husemwa kwamba watu walimkataa Connery asiye Bond. Labda. Mimi naona picha hii ilitengenezwa kwa ajili ya mtazamaji anayeweza kurudisha nyuma, na mtazamaji huyo, mwaka 1973, alikuwa bado hajafika.

Tuanze na namna ilivyopatikana, maana kuna biashara tamu humo. Connery alikuwa ameacha kumcheza Bond. Mwaka 1969 nafasi ikapewa George Lazenby, mambo hayakwenda kama kampuni ya United Artists ilivyotaka, wakamrudia mwenyewe wamwombe acheze Diamonds Are Forever. Mwenye mali adimu hupanga bei. Alitaka dola milioni 1.25, fedha nyingi mno kwa wakati ule, na akazielekeza kwenye mfuko wa elimu wa kwao Scotland. Hilo ndilo lililoandikwa magazetini. Sharti la pili lilikuwa zito zaidi kwa historia ya sinema: kampuni igharamie filamu mbili atakazozichagua yeye, ilimradi hakuna itakayozidi dola milioni 2. Ya kwanza ikawa hii. Ya pili alitamani iwe Macbeth, lakini Roman Polanski akatangulia kutoa Macbeth yake mwaka 1971, na baada ya hasara ya ile ya kwanza hakuna aliyekuwa na haraka ya kumkumbusha deni. Ahadi ya filamu mbili ikazaa moja.

Alichochagua ni tamthilia ya John Hopkins, This Story of Yours, iliyochezwa katika ukumbi wa Royal Court, London, mwaka 1968. Jina hilo Hopkins lina mzaha ndani yake. Alikuwa mmoja wa waandishi wa Thunderball, Bond ya 1965. Mkono uliomwandikia Connery maneno ya kuwachekesha warembo chini ya mwavuli wa ufukweni ndio uliokuja kumwandikia sajini anayemuuliza mkewe, saa nane za usiku, kwa nini hakuwa mzuri wa sura. Kabla ya hapo Hopkins alikuwa ameandika vipindi vingi vya Z-Cars, mfululizo wa BBC kuhusu polisi wa doria, kwa hiyo kituo cha polisi alikijua. Na mwaka 1966 aliandika Talking to a Stranger, tamthilia ya televisheni yenye sehemu nne inayoisimulia familia moja na siku zilezile, kila sehemu ikimfuata mwanafamilia mwingine. Shikilia hilo, tutalirudia.

Kuiongoza Connery alimwita Sidney Lumet, Mmarekani waliyekuwa wameshafanya naye kazi mara mbili, ikiwemo The Hill ya 1965, ambamo Ian Bannen naye alikuwemo. Lumet ndiye aliyewafungia wazee wa baraza kumi na wawili ndani ya chumba kimoja katika 12 Angry Men mwaka 1957, na alieleza baadaye kwamba kadiri hadithi ilivyoendelea alibadilisha lenzi ili kuta zionekane zinawasogelea. Mtu wa namna hiyo ukimpa chumba cha mahojiano, umempa nyumbani kwake.

Mahali walipopigia picha hapakuchaguliwa ovyo. Bracknell, katika Berkshire, ni mmojawapo wa miji mipya ambayo serikali ya Uingereza iliamua kuijenga baada ya Vita Kuu ya Pili ili kuwapunguzia watu London. Uliteuliwa mwaka 1949. Ni zege, njia za chini kwa waendao kwa miguu, mizunguko ya barabara, na nyasi ambazo bado hazijajua zinamilikiwa na nani. Johnson anaishi Point Royal, jengo la ghorofa lenye pande sita lililosimama peke yake kama mnara wa maji. Mpiga picha Gerry Fisher anaupiga mji huu ukiwa na mvua, taa za barabarani zikimwagika kwenye lami. Hakuna jirani anayesalimia. Mahali pakongwe, hata pakiwa ovyo, pana angalau uvumi, watu wanajua mtoto wa nani kapotea na nani hupita njia ile jioni. Bracknell ya picha hii haina hata uvumi, na polisi wanalazimika kufanya kazi ambayo kwingineko ingefanywa na bibi aliyekaa barazani.

Kisa ni chepesi ukikisimulia kwa mpangilio. Wasichana wadogo wa mji huo wamekuwa wakishambuliwa. Polisi wametanda kuzunguka shule, na bado msichana mwingine, Janie, anatoweka mbele ya macho yao. Usiku, katika msako porini, Johnson ndiye anayemkuta, hai. Baadaye usiku huo huo anakamatwa mwanamume anayetangatanga mjini, tope mwilini, maneno hayaeleweki. Ni Kenneth Baxter, anayechezwa na Bannen. Johnson anajifungia naye chumbani na kumpiga. Baxter anapelekwa hospitali, Johnson anarudishwa nyumbani kwa mkewe Maureen, habari zinafika kwamba mahabusu amekufa, na mrakibu kutoka nje, Cartwright, anakuja kumhoji aliyekuwa akihoji.

Lumet hakisimulii hivyo. Anaanza na mwisho, polepole, watu wakikimbia kana kwamba wako ndani ya maji, sauti zimezibwa, na duara la mwanga mweupe limetua juu ya picha kama jicho lisilopepesa. Tunamwona Johnson katikati ya vurugu, hatujui ni vurugu ya nini. Kisha tunarudishwa kwenye mwanzo wa kisa. Tunafika kwenye mahojiano, tunaonjeshwa kidogo, tunatolewa. Tunaenda nyumbani kwake. Tunaenda kwa mrakibu. Na ni hapo tu, mwishoni kabisa, ndipo tunaingizwa tena chumbani na mlango unafungwa nyuma yetu, tunaona yote. Tukio moja linagawiwa vipande, na kila kipande kinabadilisha maana ya kilichotangulia. Ni ile mbinu ya Hopkins ya mwaka 1966, isipokuwa badala ya wanafamilia wanne tuna mtu mmoja aliyepasuka vipande vinne.

Sasa fikiria umeketi kwenye ukumbi wa sinema mwaka 1973. Tiketi moja, giza, picha inakwenda mbele tu. Maji yakimwagika hayazoleki. Ukifika kwenye mahojiano ya mwisho, ule mwanzo wa polepole ulishapita saa moja na nusu iliyopita, umebaki na kumbukumbu ya duara jeupe na kelele. Unatakiwa uulinganishe ulichokiona na unachokiona, na chombo pekee ulichopewa ni kumbukumbu yako, ambayo ndiyo hasa picha inayosema haiaminiki.

Mfano unaonisumbua mpaka leo ni uso wa Janie. Johnson anapomkuta porini, mtoto anapiga kelele, anajitupa, na Johnson anambana chini huku akimbembeleza kwamba yuko salama. Kwa mtoto, mwanamume mwingine mkubwa amemlalia gizani. Tunaliona hilo na tunamhurumia Johnson kwa kutojua afanye nini na mikono yake. Baadaye sura ya Janie inarudi kichwani mwake, kwa kuchomoza tu, na si ule uso tuliouona. Kuna mwanga. Mtoto anatabasamu. Mara ya kwanza nilipita hapo bila kugundua chochote zaidi ya kwamba nimekosa raha. Mara ya tatu nikasimamisha, nikarudi porini, nikalinganisha, na nikaelewa kwamba sehemu nzima ya mwisho imejengwa juu ya tofauti ya nyuso hizo mbili. Baxter, aliyeketi mbele ya Johnson bila kujua lolote kuhusu pori, anaisoma tofauti hiyo usoni mwa askari. Anamwambia, kwa maana, kwamba lolote alilotenda yeye halifiki nusu ya uovu wa yanayozunguka kichwani mwa anayemhoji. Hapo ndipo ngumi zinapokuwa za kweli. Wahenga walishasema kikulacho ki nguoni mwako; Johnson anatafuta chawa kwenye shati la mtu mwingine, na mwenye shati anamwonyesha pa kutafuta.

Bannen aliteuliwa kuwania BAFTA, tuzo ya filamu ya Uingereza, kwa kazi hiyo, na ukimtazama kwa rimoti utaona sababu. Anatabasamu mahali ambapo mtu mwenye hatia angetabasamu na pia mahali ambapo mtu aliyewahi kuonewa na wababe tangu shuleni angetabasamu, na ni tabasamu lile lile. Nilirudia sehemu zake nikitafuta ushahidi, kama askari. Sikuupata. Kila nilichodhani ni dalili ya hatia kilikuwa kimewekwa pale na Johnson kwanza, kwa swali lake, na Baxter amekiokota tu na kukigeuza.

Naomba radhi kwa kusema hivi, lakini rimoti nayo ina hasara, na picha yenyewe ndiyo iliyonifundisha. Johnson anapoendesha gari kurudi nyumbani, picha za maiti alizowahi kukutana nazo katika miaka yake ya kazi zinamjia kwa kasi, moja juu ya nyingine. Nilizisimamisha, moja moja. Zilipoteza nguvu. Zikawa waigizaji waliopakwa rangi. Kinachotisha pale ni kwamba hazisimami. Mwenyewe hana kitufe cha kuzizuia. Kwa hiyo ushauri wangu kwa atakayeipata: mara ya kwanza itazame kama ulivyoelekezwa na ukumbi, taa zimezimwa, simu mbali, usiguse kitu. Rimoti ni ya mara ya pili.

Kuna mkanda mwingine uliokosekana mwaka ule, na huu si wa sinema.

The Offence ilipigwa katika majira ya kuchipua ya 1972. Aprili ya mwaka huo huo, Catford, kusini mwa London, aliuawa mtu aliyeitwa Maxwell Confait. Vijana watatu, wa miaka 14, 15 na 18, huyo mkubwa akiwa na uwezo wa akili wa mtoto mdogo, waliingizwa kwenye chumba cha mahojiano na wakatoka wamekiri. Novemba walitiwa hatiani kwa makosa mbalimbali. Mwaka 1975 Mahakama ya Rufani ikazifuta hukumu zao. Uchunguzi ulioongozwa na Henry Fisher, aliyewahi kuwa jaji, ulitoa ripoti yake mwaka 1977 na kuonyesha jinsi kanuni za kuwahoji vijana wale zilivyokiukwa. Ripoti ikazaa Tume ya Kifalme, tume ikazaa sheria ya mwaka 1984 ya polisi na ushahidi, na kutokana na sheria hiyo mahojiano ya watuhumiwa yakaanza kurekodiwa: kaseti mbili zikizunguka pamoja, moja ikifungwa kwa lakiri mbele ya mtuhumiwa mwenyewe.

Wakati Hopkins anaandika, na wakati Lumet anapiga picha, hakuna kaseti chumbani. Kuna wanaume wawili na daftari. Kilichotokea ndani kitakuwa kile atakachosema aliyetoka hai, na ndiyo sababu jina la muda la picha lilikuwa Something Like the Truth, yaani kitu kinachofanana na ukweli. Cartwright anapomhoji Johnson anataka hicho hicho: kitu kinachofanana, kitakachotosha kwenye ripoti. Mtazamaji wa leo, aliyezoea video za simu zinazowaumbua askari kila wiki, anaweza kusahau jinsi chumba kile kilivyokuwa kimefungwa. Diski inaturuhusu kufanya kile ambacho wakili wa Baxter, kama Baxter angekuwa hai na kama angekuwa na wakili, asingeweza kukifanya: kusema rudisha nyuma, dakika mbili, hapo, ngumi ya kwanza imetoka baada ya neno gani?

Na mwaka ule ule wa 1984 Bunge lile lile la Uingereza lilipitisha sheria ya kanda za video majumbani, kila filamu ya kaseti ipitie kwa wakaguzi na kupewa daraja, kwa hofu ya picha za kutisha zilizokuwa zikiingia sebuleni bila kupita popote. Sitaki kulilazimisha hilo liseme zaidi ya linachosema. Lakini napenda kwamba ndani ya miezi michache wabunge walikubali kaseti iingie kwenye chumba cha mahojiano, na wakaitilia shaka kaseti iliyoingia sebuleni.

Turudi kwenye diski. Wapo wanaodhani Blu-ray ni kuongeza tu ung'avu. Kwa picha hii tofauti kubwa iko kwenye muda. Filamu hupigwa fremu 24 kwa sekunde. Mfumo wa PAL, uliotumika Uingereza kwenye televisheni, kaseti na DVD, unakwenda kwa 25. Kwa kawaida walichofanya ni kuikimbiza filamu, asilimia nne hivi. Picha ya dakika 112 inapoteza zaidi ya dakika nne, na sauti zinapanda kidogo, pamoja na ile sauti ya Connery ya mtu anayeongea kutoka kifuani. Tanzania na Kenya nazo zilitumia PAL, kwa hiyo sinema tulizozitazama kwenye televisheni za taifa, kwa kawaida, zilikuwa zinakimbia nasi bila kutuaga. Kwenye mapigano hakuna anayelalamika. Kwenye picha ambayo ukimya kati ya swali na jibu ndio tamthilia yenyewe, asilimia nne ni wizi. Blu-ray imeurudisha ule mwendo, na Maureen, anayechezwa na Vivien Merchant, amerudishiwa ukimya wake.

Kuna neema nyingine ndogo. Walipogawa dunia kwa DVD, Uingereza iliwekwa kanda ya 2 na sehemu kubwa ya Afrika kanda ya 5, kwa hiyo diski halali iliyonunuliwa London ingeweza kukataliwa na deki halali iliyonunuliwa Nairobi. Kwenye Blu-ray Afrika iko pamoja na Ulaya, kanda B. Diski ya Eureka inamkubali mtu wa Mombasa bila ujanja wowote. Ndugu zetu walioko Minneapolis au Toronto, kwenye kanda nyingine, ndio wanaopaswa kuhangaika, au watafute ile ya Kino Lorber. Najua, msomaji, ni wangapi kati yetu wana deki ya Blu-ray? Wachache. Ila kwa mara moja tulipangwa chumba kimoja na wenye nyumba.

Pamoja na picha yenyewe, Eureka waliweka mahojiano na watu waliokuwa karibu na kazi hii, akiwemo Christopher Morahan, mwongozaji wa tamthilia ile jukwaani, na Harrison Birtwistle, mtunzi wa muziki. Morahan ndiye pia aliyeiongoza Talking to a Stranger. Birtwistle alikuwa mmoja wa watunzi wakubwa wa opera na okestra wa Uingereza wa zama zake, na hii ndiyo filamu pekee aliyoitungia muziki. Hakuandika wimbo unaoweza kuupigia mluzi. Aliandika kitu kama mlio wa taa ya umeme inayokaribia kufa, kiasi kwamba wakati mwingine hujui kama ni muziki au ni jengo. Wazee wawili wale wamefariki sasa, Morahan mwaka 2017 na Birtwistle mwaka 2022, na Connery aliondoka mwaka 2020. Lumet na Bannen walikuwa wametangulia. Mtu aliyeona umuhimu wa kuwaketisha wazee wale mbele ya kamera mapema alifanya kazi ya mtunza nyaraka, ingawa risiti inasema aliuza diski.

Nimeisifu vya kutosha, nami sina nia ya kuuza. Picha hii ina makosa yake, na kuirudiarudia kumeyafanya yaonekane.

La kwanza ni jukwaa. Kila tukio kubwa ni watu wawili chumbani wakisemezana mpaka mmoja anavunjika, na tukio la Cartwright, pamoja na kwamba Trevor Howard si mtu wa kudharauliwa, linavuta muda kuliko lilivyo na la kusema. Johnson anamuuliza mkubwa wake anawezaje kuishi na picha alizoziona kazini. Mkubwa anajibu, kwa maana, kwamba mlango wa ofisi ukifungwa yamebaki ndani. Tumeelewa. Wanaendelea.

La pili ni Maureen. Merchant ana dakika nzuri kuliko wote, hasa pale anaposisitiza mumewe aseme, azungumze naye, asimfungie nje. Naye anasema, anayamwaga yote, miili, harufu, vidole, na mke anakimbia kwenda kutapika. Kisha Johnson anamkasirikia kwa kutapika. Ni tukio la kweli kuliko tamthilia nyingi za ndoa nilizoziona. Lakini likikwisha, Maureen amekwisha naye. Amekuwa ndoo.

La tatu ndilo linalonifanya nisite kuipa picha hii cheo ambacho baadhi ya wapenzi wake wanaipa. Janie anapotea mara mbili. Mara ya kwanza anapotea njiani kutoka shule, na mji mzima unamtafuta. Mara ya pili anapotea ndani ya picha yenyewe, na hakuna anayemtafuta. Akishafikishwa hospitali anabaki kuwa taswira inayopita kichwani mwa mtu mzima, malighafi ya ungamo la wanaume wawili. Unaweza kunijibu kwamba ndivyo ilivyokusudiwa, kwamba kosa la Johnson ni hilo hilo la kumgeuza mtoto kuwa taswira, na picha inalishtaki kwa kulionyesha. Nimejijibu hivyo mwenyewe. Halafu nahesabu dakika alizopewa Baxter za kueleza maumivu yake, nahesabu za Johnson, na za mtoto, na jibu langu linaanza kupwaya.

Pamoja na hayo yote, sijui picha nyingine ya Connery ambayo anajiweka wazi namna hii. Mwishoni Johnson hampigi Baxter tu. Kabla ya hapo, kwa muda mfupi usiofaa kwa askari yeyote, anaishika mikono ya mahabusu wake na kumwomba msaada, steringi anamwomba adui amsaidie. Baxter anakataa. Anachokataa hasa ni nini, msamaha, urafiki au kukubali kwamba wao ni wamoja, nimebadilisha mawazo kila mara nilipoitazama. Baada ya hapo ni ngumi, kengele, milango, askari wenzake wakimwangukia, na Johnson aliyesimama katikati yao akimwita Mungu kwa sauti ya mtu aliyegundua kwamba ameacha jiko linawaka.

Picha inakatika hapo. Usiku wa mara ya nne niliminya rimoti kurudi mwanzo kabisa, kwenye ule mwendo wa polepole, nikaondoa sauti. Watu wale wale, mlango ule ule. Nilitaka kuona kama pale, kabla hatujaambiwa chochote, uso wake ulikuwa tayari unajua alichokifanya. Nikasimamisha. Duara jeupe lilikuwa limetua juu yake, na pale nilipotaka kutazama palikuwa na mwanga mtupu.